Sinia la sigara katika foleni ya Tunduma

Mji wa Tunduma umekaa mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam huishia na nchi ya Zambia ikaanzia. Ng'ambo ya pili ni Nakonde. Mgeni asiyeelezwa hatatambua kwa macho ni wapi mji mmoja umekoma na mwingine umeanza, maana nyumba zimekaribiana kama za mtaa mmoja, na shilingi na kwacha hupita mkono kwa mkono. Hapo ndipo ipitapo Reli ya Uhuru, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa ndugu zetu Wachina, na hapo ndipo yapitapo malori yachukuayo shaba kwenda bandarini na kurudi na mafuta, mbolea na bidhaa za madukani. Mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha forodha ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Kituo hicho kimesaidia. Walakini foleni ya Tunduma ni foleni, na dereva aliyekwama humo hula humo, hulala humo, na kama ni mvutaji, huvuta humo.

Panapo foleni pana soko. Mwenye masikio atamsikia mchuuzi wa sigara kabla ya kumwona: sarafu chache kiganjani, zikitikiswa kwa mdundo mmoja, ndizo kengele yake, na kengele hiyo yajulikana katika miji mingi ya Tanzania. Mbele ya kifua amebeba sinia au kisanduku chenye karanga, pipi, biskuti, na pakiti mbili tatu za sigara zilizofunguliwa. Mchuuzi huyo aghalabu ni kijana, na mara nyingine ni mtoto hasa, ambaye kwa kimo chake ungalitazamia awe darasani. Huuza sigara moja moja. Anayenunua aweza kuwa dereva mwenye umri wa baba yake. Aweza kuwa utingo wa miaka kumi na sita. Aweza kuwa mwanafunzi aliyevua shati la shule akalikunja ndani ya mfuko. Mchuuzi haulizi umri. Atauulizaje, naye mwenyewe hajautimiza?

Makala haya yanahusu hiyo sigara moja, na ndugu yake asiyetoa moshi.

Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku mwaka 2003. Sheria hiyo ilisema waziwazi kwamba ni marufuku kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Iliamuru maonyo ya afya yaandikwe juu ya pakiti, na ikazuia uvutaji katika mahali pa umma isipokuwa penye sehemu iliyotengwa. Kisha, tangu Januari 2019, Mamlaka ya Mapato ikaanza kuzitaka pakiti za sigara zibandikwe stempu za kielektroniki, ili iliyolipiwa kodi ijulikane na iliyopita kwa magendo ijulikane. Yote hayo ni mema. Lakini tazama, ndugu msomaji, jinsi mambo hayo yalivyowekwa. Onyo liko juu ya pakiti. Stempu iko juu ya pakiti. Sigara ikitolewa humo na kulazwa juu ya sinia huwa imevuliwa nguo zote ilizovishwa na sheria: haina onyo, haina stempu, na hakuna awezaye kusema imetoka upande gani wa mpaka.

Wala tusidhani kwamba uuzaji huu wa moja moja ni jambo dogo la wanyonge wanaotafuta riziki. Ndio mlango wenyewe. Kijana wa miaka kumi na minne hana fedha ya kununua pakiti nzima, na hata angekuwa nayo, hana mahali pa kuificha: mama atafua suruali, mwalimu atapekua mkoba. Sigara moja haihitaji maficho. Hununuliwa, huwashwa kwa kiberiti kilichofungwa uzi pembeni mwa kibanda, huvutwa nyuma ya lori, na baada ya dakika chache hapana ushahidi ila harufu; nayo harufu huondolewa kwa pipi iliyonunuliwa kutoka sinia lile lile.

Wale walioandika Mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya Udhibiti wa Tumbaku, uliopitishwa Geneva mwezi Mei 2003, waliyajua haya. Kifungu cha 16 kinazitaka nchi zijitahidi kukataza uuzaji wa sigara moja moja na wa vipakiti vidogo, kwa kuwa uuzaji huo huwarahisishia watoto kununua. Kifungu hicho hicho kinazitaka zizuie watoto wasiwe wauzaji. Jamhuri ya Muungano wa Tanzania iliuridhia mkataba huo tarehe 30 Aprili 2007. Kwa hiyo sinia la Tunduma linakwenda kinyume cha neno letu wenyewe mara tatu: kwa kile kinachouzwa, kwa yule anayekiuza, na kwa yule anayeuziwa.

Huenda mtu akauliza kwa nini sigara moja ipewe uzito huo. Jibu limo katika nikotini, ile sumu ya tumbaku ambayo ndiyo humfunga mtumiaji. Ikivutwa kwa moshi hufika ubongoni katika muda usiozidi nusu dakika, na ubongo wa binadamu huendelea kujengeka mpaka karibu umri wa miaka 25. Mtu mzima akionja tumbaku, sumu humkuta nyumba iliyokwisha ezekwa. Kijana humkuta kuta zikingali mbichi. Madaktari wameshuhudia vijana wakionyesha dalili za kutawaliwa, yaani kuhangaika, kuwa na hasira za bure na kushindwa kutuliza fikira, hata kabla hawajafikia kuvuta kila siku. Ripoti ya Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2012 ilieleza kwamba karibu watu tisa katika kila kumi wavutao kila siku walionja sigara yao ya kwanza kabla ya kupita umri wa miaka 18. Asiyeanza katika umri huo, basi, mara nyingi haanzi tena. Wenye viwanda wanalifahamu jambo hilo vizuri kuliko wazazi.

Takwimu za nchi yetu nazo zisitulaze usingizi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2018 miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi ulionyesha kwamba asilimia 8.7, nao ni watu wapatao milioni 2.6, walikuwa wakitumia tumbaku: wanaume asilimia 14.6 na wanawake asilimia 3.2. Ukilinganisha na mataifa mengi, hesabu hiyo si kubwa, na wapo wakubwa walioifanya mto wa kulalia. Lakini hiyo ni hesabu ya watu wazima zaidi kuliko ya watoto. Uchunguzi wa dunia unaowahusu vijana wa miaka 13 hadi 15 ulifanywa kwetu mara ya kwanza mwaka 2003, katika Dar es Salaam, Arusha na Kilimanjaro, nao kwa desturi hufanywa darasani: mwanafunzi aliyehudhuria siku hiyo hupewa karatasi akajaza. Yule mwenye sinia hayumo darasani siku hiyo. Na Mkoa wa Songwe wakati huo haukuwapo hata kwa jina. Ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na sensa ya mwaka 2022 iliukuta una watu zaidi ya milioni moja na laki tatu. Kiongozi anayetaka kujua hali ya vijana wa Tunduma hana budi atembee kwa miguu kando ya foleni, asubuhi na magharibi, badala ya kungoja kitabu.

Hadi hapa nimesema juu ya moshi. Moshi una fadhila moja: huonekana. Ugoro hauna fadhila hiyo.

Ugoro hutengenezwa kwa majani ya tumbaku yaliyokaushwa, yakatwangwa au kusagwa, kisha yakachanganywa na magadi au majivu. Magadi hayo si ya kuongeza ladha peke yake. Ndiyo yanayoifungulia nikotini njia ya kupenya kwa wepesi katika ngozi laini ya mdomo na ya pua. Wazee waligundua jambo hilo kwa ulimi, miaka mingi kabla ya wataalamu wa kemia kulieleza katika vitabu. Kijana huchukua kidogo kwa ncha za vidole akakibana baina ya mdomo wa chini na ufizi, akaendelea na shughuli zake. Aweza kuwa nao darasani, aweza kuwa nao juu ya bodaboda, aweza hata kuwa nao mbele ya baba yake akisikiliza nasaha juu ya ubaya wa sigara. Dalili yake ni mate tu, na katika mji wa vumbi mtu kutema mate si ajabu.

Ukiwauliza vijana wa mizigo kwa nini wanautumia, sababu ni zile zile kila mahali: huondoa usingizi, hukata baridi, humsahaulisha mtu njaa. Si uongo mtupu. Tunduma ni mji wa nyanda za juu; alfajiri za Juni na Julai baridi yake haina mzaha, na anayepakua magunia usiku kucha hutafuta cha kumshikilia. Nikotini kweli hupunguza hamu ya chakula. Lakini kijana wa miaka kumi na sita anayehitaji kusahaulishwa njaa ana haja ya chakula, na hapo suala la ugoro linaingia ndani ya suala la ujira wa kibarua, ambalo gazeti hili litapaswa kuliandikia siku nyingine.

Kosa kubwa lililoenea ni kudhani kwamba madhara ya tumbaku yamo katika moshi, na kwa hiyo isiyo na moshi ni salama. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka tumbaku isiyovutwa katika daraja la vitu ambavyo bila shaka humletea binadamu saratani. Saratani hizo ni za kinywa, za njia ya chakula na za kongosho. Kabla ya kufika huko, ufizi hurudi nyuma, mizizi ya meno ikabaki wazi, na utando mweupe ukaota pale pale ambapo bonge la ugoro limezoea kukaa. Daktari wa meno akiuona utando huo kwa kijana, hapaswi kumpa dawa ya kusukutua akamwacha aende.

Mpaka haumzuii mtu wala haizuii bidhaa hii. Upande wa Zambia ugoro huitwa insunko, nao ni bidhaa ya soko huko kama ilivyo huku. Hivi karibuni zaidi, katika miji ya Uganda, Kenya na Malawi, vimeenea vipakiti vya tumbaku ya Kihindi viitwavyo kuberi, ambavyo huuzwa kana kwamba ni kiburudisho cha kinywa au majani ya chai. Kipakiti chenye rangi za kupendeza na harufu nzuri hakimtishi mtoto. Ndiyo maana Uganda, katika sheria yake ya mwaka 2015, haikujishughulisha na sigara peke yake: ilipandisha umri wa kuuziwa hadi miaka 21, ikapiga marufuku tumbaku isiyovutwa pamoja na shisha na sigara za kielektroniki. Sheria yetu ni ya mwaka 2003, na tangu wakati huo wafanyabiashara wamebuni mengi.

Katika desturi za bara na za pwani, tumbaku ilikuwa na mipaka yake. Sisi tuliokwenda chuoni kabla ya kwenda shule twakumbuka kwamba kikopo cha ugoro katika mfuko wa kanzu ya mzee kilikuwa sehemu ya uzee wake, kama bakora na miwani, na mtoto aliyekigusa alijua malipo yake. Wazee wa Unyiha na Unyamwanga nao walikuwa na viko vyao na ugoro wao, na kijana hakuvuta mbele yao. Sisemi kwamba ugoro wa wazee haukuwaua. Uliwaua wengi ambao hatukujua wamekufa kwa nini. Nasema kwamba desturi ilikuwa mlinzi wa mtoto. Ulipotoka katika kikopo cha mzee ukaingia katika kikaratasi cha dukani, ugoro ulimpoteza mlinzi huyo, na sheria iliyopaswa kushika zamu yake haikuwa imefika.

Msomaji wa Unguja na Pemba huenda sasa anauliza, Tunduma yanihusu nini? (Upo mji mdogo karibu na Tunduma uitwao Mpemba, lakini jina lisimdanganye mtu akadhani amefika kwao.) Yanamhusu kwa njia kadhaa. Kwanza, ndugu zetu wa visiwani wana maduka katika miji mingi ya Bara, na mwenye duka ndiye anayeamua kama pakiti itafunguliwa au haitafunguliwa. Pili, lile ambalo Tunduma huitwa njia za panya, visiwani huitwa bandari bubu. Jina tofauti, biashara ile ile, na sigara ni bidhaa nyepesi ya kubeba usiku. Tatu, afya si jambo la Muungano. Sheria ya mwaka 2003 ni ya Bara, na Zanzibar hutunga zake. Walakini mkataba wa kimataifa uliridhiwa na Jamhuri ya Muungano, na mtoto wa Mkoani au wa Mkokotoni ana haki ndani yake sawasawa na mtoto wa Tunduma.

Tena visiwa vina ugoro wao, ingawa hauitwi hivyo. Nazungumzia tambuu. Jani la mtambuu, popoo, chokaa, katu, na kwa watafunaji wengi kipande cha tumbaku ndani yake. Najua kwamba hapa nagusa kitu kinachopendwa. Tambuu ilikuwa adabu ya kumkaribishia mgeni, na arusini haikukosekana. Lakini tumbaku iliyomo ndani ya tambuu ni tumbaku, na popoo yenyewe, hata bila ya tumbaku, lilihesabiwa mwaka 2004 na shirika lile la utafiti wa saratani kuwa kisababishi cha saratani. Mzazi anayemchapa mwanawe kwa ajili ya sigara, kisha jioni akampa fedha akamletee tambuu yenye tumbaku, amemfundisha kuogopa moshi tu.

Jambo hili la kutuma ningependa lisipite hivi hivi. Kuna nyumba ngapi, Bara na Visiwani, ambamo mtoto wa miaka minane hutumwa dukani kumnunulia baba sigara? Mtoto hujifunza bei kabla ya kujifunza hesabu za kugawanya. Humzoea mwenye duka, na mwenye duka humzoea yeye. Siku atakapofika miaka kumi na mitatu akataka ya kwake, hatahitaji kusema uongo mpya. Ule wa kwamba ametumwa ulikuwa kweli kwa miaka mitano. Sheria inayosema asiuziwe aliye chini ya miaka 18 huvunjwa kila siku na watu waungwana kabisa, walioketi vibarazani mwao, pasipo hata mmoja wao kujihisi mvunja sheria. Afisa wa Serikali anayesoma makala haya ajiulize kwa siri ni mara ngapi yeye mwenyewe amemtuma mtoto.

Na Serikali nayo ina lake la kuulizwa, kwa heshima. Kiwanda cha sigara cha Dar es Salaam kiliwahi kuwa mali ya umma. Kilibinafsishwa mwaka 1995, na mwaka 1999 kikaingia katika mikono ya kampuni ya tumbaku ya Japani. Kodi ya sigara ni mapato ya Hazina, na tumbaku ni miongoni mwa mazao yetu makuu ya kuuza nje. Chunya, ambako Wilaya ya Songwe ilimegwa, ni nchi ya tumbaku ya miaka mingi, na shule na nyumba za bati zimejengwa huko kwa fedha ya jani hilo. Mkulima huyo si adui. Amepewa mbegu, amepewa mbolea kwa mkopo, ameambiwa alime. Ila mtoto wake anayemsaidia kuvuna majani yenye umande hunywa nikotini kwa ngozi, akaumwa kichwa, akatapika, akaona kizunguzungu. Maradhi hayo yana jina, ni ugonjwa wa tumbaku mbichi, na hayahitaji sigara wala ugoro. Mtoto wa shamba na mtoto wa foleni huwekewa sumu moja kwa milango miwili. Huko Migori, Kenya, tangu mwaka 2022 wakulima wamesaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa kuacha tumbaku na kulima maharage yenye soko la uhakika, na mpango huo ukapelekwa Zambia pia, ng'ambo tu ya hapa. Mkoa wenye kahawa ya Mbozi na rutuba ya Ileje haukosi cha kulima.

Turudi mjini. Nini kifanyike? Nitasema kwanza kisichofaa. Haifai kuwatuma mgambo wakamwage sinia la mtoto barabarani. Hilo limekwisha fanywa katika miji mingi kwa bidhaa nyingi. Mtoto hulia, watu hukusanyika, na kesho yake sarafu zinalia tena mahali pale pale. Tena linamwadhibu yule ambaye sheria ilikusudia kumlinda.

Linalofaa liko ndani ya uwezo wa Halmashauri ya Mji, pasipo kungoja Dodoma. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Miji ya mwaka 1982 inaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Halmashauri ya Tunduma yaweza kutamka kwamba ndani ya mipaka yake sigara itauzwa kwa pakiti iliyofungwa tu, yenye stempu, na kwamba ugoro na tumbaku ya kutafuna vitauzwa na mwenye duka mzima wa umri, mahali palipoandikwa, mbali na lango la shule. Yaweza kukubaliana na wenzao wa Nakonde, maana viongozi wa miji hii miwili hukutana kwa mambo ya maji taka, ya wizi na ya kipindupindu, na hapana sababu ya tumbaku isiwe ajenda. Afisa Afya aweza kumfundisha kila mwalimu wa sekondari kuutambua ugoro mdomoni mwa kijana na kumpeleka zahanati badala ya kumfukuza shule. Kijana aliyefukuzwa shule ya Tunduma anajulikana atakwenda wapi, atakwenda kwenye foleni.

Wapo watakaosema kwamba wananchi hawawezi kubadili mazoea ya namna hii. Wakumbuke mwaka 1973. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi, wakisikiliza redio moja na kusoma kitabu kimoja, kisha wakaenda kuchimba vyoo kwa mikono yao. Hawakuogopeshwa kwa faini. Walielezwa jinsi ugonjwa unavyofika, wakajadiliana, wakaamua. Mabalozi wa mashina wangali wapo, redio za mikoani zipo, na kijana wa leo ana simu mkononi. Kinachokosekana ni mtu wa kuamka na kusema kwamba shughuli hii ni yake.

Kuhusu sinia lenyewe, lifuatwe lilikotoka. Mtoto wa miaka kumi na miwili hana mtaji wa kununua katoni. Hupewa bidhaa kwa mali kauli alfajiri, akazungusha mchana, akarejesha hesabu jioni, na faida yake ni senti chache za juu. Yupo aliyezifungua pakiti hizo akazipanga juu ya sinia kabla ya jua kutoka. Mtu huyo si mtoto, wala hakai njiani. Ana duka la jumla, ana leseni chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, ana kibao juu ya mlango, na Afisa Biashara anaijua tarehe ambayo atakuja ofisini kuihuisha.